Nani Kalituma Gari la Mikate?

Jumapili, tarehe 1 Juni

Nimeibiwa! Mchana kweupe, mbele ya watu mia tatu. Na mwizi alikuwa anaendesha gari la mikate.

Naandika leo leo, ushahidi ungali moto. Mbio za klabu, raundi kumi. Mpaka raundi ya nane mimi ndiye wa kwanza. Nyuma yangu vumbi tupu. Nilishaanza kufikiria nitasimama vipi kwenye picha, mkono kiunoni au mikono miwili juu. Mara kijana mmoja wa chuo akateleza kwenye kona ya matangi ya maji. Akakaa chini. Akaanza kutafuta kiatu chake. Kiatu! Bendera za njano zikapanda, na gari la usalama hilooo, likaingia uwanjani.

Kwa yeyote atakayesoma daftari hili nikishakuwa maarufu: mtu akianguka, gari la usalama linaingia. Pikipiki zote zinajipanga nyuma yake kama watoto wa chekechea, marufuku kupita, mpaka aliyeanguka aondolewe. Likitoka, mbio zinaendelea. Vizuri sana. Lakini ule mwanya wangu wa mbele, nilioutafuta kwa jasho raundi nane, uko wapi? Haupo! Aliyekuwa nyuma nusu uwanja sasa ananipumulia kisogoni. Na aliyekuwa ananipumulia ni nani? Msumari.

Akanipita kona ya mwisho. Baadaye akanishika bega mbele za watu, akasema pole sana bingwa, mbio ni raundi kumi, siyo nane.

Sasa unganisha. Gari la usalama la klabu yetu ni gari la bekari. Msumari ni mpeleka mikate wa bekari hiyo hiyo. Na dereva wa gari ni shemeji yangu, mume wa Dada, anayefanya kazi na Msumari siku sita kwa wiki. Mimi sikusoma sana, lakini mpaka tatu najua kuhesabu.

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Chai haijashuka tumboni, Dada ameanza. Eti tangu Bosi wa gereji anifukuze mwezi wa nne, nimekuwa kama kabati: nipo tu, ila kabati angalau linatunza nguo. Nikamwambia mimi ni mwanamichezo. Akasema basi nikachezee nje, yeye anataka kufagia.

Halafu akatoa hukumu. Jumapili ijayo ndiyo mwisho. Mwenye duka la matairi ametangaza kwamba atakayeshinda ataendesha ile pikipiki yake mpya msimu mzima, petroli na matairi juu yake. Nikiipata, Dada atanyamaza. Nisipoipata, Jumatatu saa kumi alfajiri napanda gari la mikate, napakia makreti na Shemeji. Nafasi ameshaniombea. Ameshaniombea! Kabla ya mbio! Dada wa tumbo moja!

Nimekwenda kuiangalia pikipiki dirishani. Nyekundu. Kiti chembamba kama ulimi. Mwenye duka alitoka na kitambaa kufuta alama ya pua yangu kwenye kioo, akaniuliza kama nakusudia kuifanya mazoea.

Usiku, wakati wa chakula, nilimchunguza Shemeji. Anatafuna polepole kama anavyoendesha. Nilipotaja mbio, alijikuna sikio la kushoto. Mara mbili. Nimeandika.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimeandika barua ya malalamiko kwa Mwenyekiti wa klabu. Kurasa mbili na nusu! Ndefu kuliko barua zote nilizowahi kuandika, hata ile ya kumwomba radhi Bosi wa gereji, ambayo kwa kweli aliiandika Dada.

Nimesema hivi. Kanuni ya gari inamwonea anayeongoza. Ni sawa na mtu afagie uwanja peke yake tangu asubuhi, halafu wenzake waje na mifagio ikiwa imebaki hatua moja, wote waambiwe hongereni kwa kazi. Nikasema pia, kama gari ni lazima, kwa nini kila mtu asirudishiwe mwanya wake uleule likishatoka? Saa zipo, waamuzi wapo, wanakunywa soda bure. Mwisho nikaandika neno moja tu, nikalipigia mistari mitatu: MIKATE.

Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu. Tunamwita Mama Filimbi, maana filimbi haimtoki shingoni. Alinifundisha hesabu darasa la tano. Mwaka uliofuata akanifundisha tena darasa la tano.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Barua imerudi ikiwa na wino mwekundu. Amenisahihisha! Nimepata nane juu ya ishirini. Pembeni ameandika kwamba hoja ya kurudishiana mwanya ina maana na kamati itaifikiria, ila nipunguze "mchana kweupe", nimeitumia mara tisa.

Akaniita ofisini, yaani kile chumba cha koni za barabarani na bendera. Akaniuliza kama namkumbuka aliyeanguka mwaka juzi, kabla klabu haijaweka gari. Nikajitia hamnazo. Akasema yeye anakumbuka. Kijana alilala kona ya matangi, mguu umenaswa chini ya pikipiki yake. Watu wa machela walisimama ukingoni, hawawezi kuvuka, pikipiki zinapita tu, kila mmoja na haraka zake. Alizihesabu, zilikuwa kumi na saba. Akasema gari lile halimtazami wa kwanza wala wa pili, linamtazama aliye chini. Halafu akavua miwani, akaniambia: na wewe mwanangu ulikuwa wa nne kupita.

Aliyelala pale alikuwa Binamu. Sawa. Lakini nilimpungia mkono! Hilo mbona halisemwi?

Nikarudi kwenye mikate. Akasema klabu haina gari, bekari inaazimisha bure, kama mimi ninalo nilete. Nikasema nitalifikiria. Nimelifikiria njia nzima. Sina gari.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Leo nimefanya upelelezi wa ndani. Nilimwomba Shemeji nipande naye asubuhi, eti nionje kazi. Dada alifurahi mpaka akanipigia pasi shati. Laiti angejua!

Niliyoyaona. Msumari anapakia makreti huku anapiga mluzi. Akaja dirishani, akamnong'oneza Shemeji kitu, wakacheka wote wawili. Nikauliza wanachekea nini. Shemeji akasema kuna mama mmoja kila siku anarudisha skonzi, anasema zabibu zake zinamwangalia vibaya. Hakuna mtu anayecheka namna ile kwa ajili ya zabibu. Nimeandika.

Msumari akanikaribisha kazini. Akasema kuna aproni ya saizi yangu, imeandikwa "Laini Kila Siku" kifuani. Nikamwambia Jumapili atasoma maandishi ya mgongoni kwangu. Akauliza mgongoni kumeandikwa nini. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

Halafu mwendo! Nilipima kwa simu. Kutoka bekari mpaka stesheni, barabara nyeupe, hakuna hata mbwa, na bado tunatambaa. Ukienda polepole hivyo uwanjani, walio nyuma wote wanapata muda wa kusogea, kuvuta pumzi, hata kupiga chafya. Nikamwuliza kwa ujanja, mbona mwendo wa msiba, shemeji? Akasema gia ya nne haiingii tangu gari litoke gereji mwezi wa nne.

Aha! Nikatoa daftari. Nikamwuliza ni fundi gani aliyeifunga hiyo giaboksi.

Akasema, kwa upole wote, shemeji, si wewe?

Nikamwonyesha ndege angani. Uchunguzi wa upande huo umefungwa.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimepata! Nilikuwa bafuni, povu machoni, wazo likaniingia kama umeme. Nikapiga kelele, Dada akadhani nimeteleza.

Gari la usalama linamwonea nani? Aliye mbele. Linampendelea nani? Aliye nyuma. Basi tatizo langu ni kuwa mbele! Jumapili natulia nafasi ya nne, pikipiki inapumzika, tairi linapumzika, nami napumzika. Msumari anajichosha kule mbele anajiona mfalme. Kisha mtu anaanguka. Gari linaingia, tunajipanga, mwanya wa Msumari unapotea kama wangu ulivyopotea. Gari likitoka, mimi mbichi kabisa, napita kama upepo.

Kinachohitajika ni mtu wa kuanguka. Na katika ukoo wetu kuna kipaji kimoja tu cha kuanguka.

Nilimkuta Binamu anafunga mitungi ya gesi kwenye pikipiki yake ya kazi, ileile anayoingia nayo mbioni. Binamu ndiye mtu pekee duniani anayeniita Radi. Jina nilijipa mwenyewe, mtaa mzima ukakataa, mtaa unaniita Breki. Nikamweleza mpango. Anguka raundi ya saba, kona ya matangi, polepole, upande wa majani. Malipo: glovu zangu za ngozi, ile pea yenye vidole vyote.

Alifikiri mpaka mtungi mmoja ukadondoka. Akauliza kitu kimoja tu: safari hii kuna atakayesimama?

Nikamwambia gari litakuja, ndiyo kazi yake. Akasema basi sawa, Radi.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mazoezi ya kuanguka, nyuma ya kiwanda cha mbao, kwenye maranda. Binamu ni hatari! Mara ya kwanza alianguka kabla sijamaliza kuhesabu. Mara ya pili alianguka kabla hajawasha. Mara ya tano ilikuwa safi, kainama, kalala, kanyoosha mguu kwa adabu kama mtu anayelala kwa jirani.

Nikamwuliza raundi ya ngapi. Ya saba. Nikamwuliza tena. Ya saba. Nikamwandikia 7 kiganjani kwa kalamu ya wino usiofutika. Sibahatishi mimi.

Dada amefua ile aproni ya bekari. Imeanikwa dirishani kwangu, inanipungia. Nimeigeuzia mgongo.

Shemeji alinitakia usingizi mwema. Mwema kwa nani?

Jumapili, tarehe 8 Juni

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Raundi ya kwanza mpaka ya sita, kila kitu kama nilivyopanga. Msumari wa kwanza. Mimi wa nne, nimetulia, nusura nipige mluzi. Raundi ya saba nakaribia kona ya matangi, roho juu. Namwona Binamu. Amekaa wima. Ananipungia mkono!

Nikampigia kelele anguka wewe! Lakini kelele za ndani ya helmeti anazisikia mwenye helmeti peke yake. Nikampita. Nikageuka. Yuko wima kama nguzo, mitungi tu ndiyo imekosekana.

Kanunuliwa! Wamemnunua kwa mikate! Damu ikanichemka. Sikufikiri tena. Nikafungua mafuta yote. Wa tatu nikampita kwa ndani. Wa pili sijui nilimpitaje, ila kwa alivyonyoosha ngumi nadhani alimtaja mama yangu. Raundi ya nane, kona ya matangi, nikampita Msumari kwa nje, kwenye vumbi laini, mahali ambapo sijawahi kupita mtu maisha yangu yote. Raundi ya tisa nilikuwa mbele nusu uwanja. Nusu uwanja! Watu wamesimama. Niliona kwa jicho langu Dada yuko juu ya benchi, viatu mkononi, anapiga kelele jina langu. Siyo Breki. Jina langu lenyewe, lile la nyumbani.

Mbele yangu, kona ya matangi, Binamu. Akaangalia kiganja chake. Akatikisa kichwa, ndiyo. Akalala.

Kwa adabu. Upande wa majani. Nilivyomfundisha.

Filimbi. Bendera za njano. Na gari la mikate hilooo.

Wote tukajipanga. Mimi mbele, uso kwa uso na mlango wa nyuma ulioandikwa "Laini Kila Siku", pua imejaa harufu ya unga. Kule pembeni watu wa machela wakatembea, hawakukimbia hata, wakavuka uwanja, wakamwinua Binamu. Msumari kisogoni. Nilimsikia akinguruma. Au ni pikipiki yake.

Lakini nilikuwa nimejiandaa! Nilijua Shemeji atampa Msumari ishara ya siri kabla ya kutoka. Safari hii sikubali. Nikakaza macho kwenye mkono wake uliotoka dirishani, nimkamate. Na nikamkamata! Kwanza mkono ukarudi ndani, na kwenye kioo cha pembeni nikaona anajikuna sikio la kushoto. Halafu ukatoka tena, vidole viwili, mbele, mbele, mbele, haraka haraka. Nikawa naikariri ishara nije niiandike. Vidole viwili, mara tatu. Vidole viwili, mara tatu.

Nilipoinua macho gari lilishakaa pembeni, na Msumari alishanipita kulia.

Raundi ya kumi nilimfukuza mpaka mwisho. Nilikosa kwa urefu wa tairi. Kweli tairi moja.

Shemeji akaja mbio, aproni inapepea, karibu kulia. Akasema shemeji, nilikuonyesha mbele, nenda, nenda, kulikoni ukanitolea macho mimi? Nimeandika maelezo yake kama alivyoyatoa. Siyaamini.

Binamu nilimkuta kwenye machela, goti limevimba kama boga, uso unang'aa. Akauliza nimeangukaje, Radi? Nikamwuliza raundi ya saba iko wapi. Akaonyesha kiganja. Akasema hii ilikuwa ya saba. Ya saba yake! Yule mtu ni mzito, tumeshamzunguka mara mbili, na alikuwa anahesabu zake mwenyewe. Akasema za kwangu angezijuaje, mimi kila siku napita tu.

Mama Filimbi alikuwa amemshika mkono huohuo amfute vumbi. Akasoma 7. Akaninyanyulia macho. Mwandiko wangu anaujua tangu darasa la tano, mara mbili.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Saa kumi alfajiri. Aproni inanibana kwapani. Makreti arobaini na mawili. Msumari alifika na pikipiki nyekundu, akaiegesha mahali ambapo kila nikinyanyua kreti lazima niione. Akasema karibu kazini bingwa, hapa hakuna gari la usalama, ukibaki nyuma umebaki.

Mchana nikaitwa klabu. Mama Filimbi hakupiga kelele, bora angepiga. Akasema sitapanda pikipiki msimu mzima. Akasema angenifukuza kabisa, ila raundi zile mbili kabla Binamu hajalala alizitazama kwa saa mkononi, na hajapata kuona mtu akikimbia namna ile tangu klabu ianze. Na kama ningekimbia hivyo toka mwanzo, nisingehitaji mtu alale chini. Nikasubiri amalize sifa. Alikuwa ameshamaliza.

Badala yake, kila Jumapili ya mbio nitakaa ndani ya gari la usalama pembeni ya Shemeji. Nitashika taa ya njano. Mtu akianguka, nitakuwa wa kwanza kushuka kumwinua. Akasema labda nikiinua wachache nitajifunza kanuni ni ya nini.

Nani kamwambia habari yote? Binamu anasema yeye, aliulizwa akajibu. Hiyo ni rahisi mno. Namshuku Msumari.

Glovu nimempa Binamu. Moja. Nyingine akipona.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Siku ya nne ya mikate. Nimefungua giaboksi leo mchana, Shemeji kanishikia tochi. Gia ya nne sasa inaingia. Kulikuwa na washa, kile kipete cha chuma, imewekwa kinyume. Fundi gani mjinga! Shemeji alijikuna sikio. Kumbe hujikuna akitaka kucheka. Au ndivyo anavyotaka niamini.

Dada kanipakulia chakula kabla ya Shemeji, siku ya kwanza katika historia. Sikuuliza kwa nini. Ila nilikinusa kwanza.

Halafu jioni, nimekaa kiti cha mbele, taa ya njano mapajani, nafanya mazoezi ya kuiinua, wazo likaniingia. Si dogo!

Fikiria. Gari la usalama likiingia uwanjani linakaa wapi? Mbele. Mbele ya nani? Ya wote. Mbele ya Msumari na pikipiki yake nyekundu. Na kanuni inasemaje? Marufuku kulipita! Atapita nani? Hakuna! Jumapili watu mia tatu wataangalia uwanjani, na wa kwanza kabisa nitakuwa mimi, mkono nje, taa juu, Msumari nyuma yangu anakula vumbi na harufu ya mikate. Kanuni nzuri sana hii. Ya haki kabisa. Sijui nani aliwahi kuilalamikia.

Shida ni moja. Wasipoanguka, gari haliingii.

Nimempelekea Binamu mkate wa moto, na ile glovu ya pili. Nikakaa kitandani kwake kama ndugu, nikamwuliza goti linaendeleaje.